Je, "Tombstone" ni historia? Jibu kwa mwalimu wa kidato cha tatu

Swali: "Nafundisha historia, kidato cha tatu. Wiki iliyopita niliangalia filamu ya Tombstone ya mwaka 1993 pamoja na mjomba wangu, ambaye amekulia kwenye majumba ya sinema enzi za picha za kauboi. Yeye anashikilia kwamba yote yaliyomo ni kweli kwa sababu shujaa wake, askari Wyatt Earp wa Marekani, alikuwepo kweli. Mimi nina wasiwasi. Kipi ni kweli, kipi kimetungwa, na je, naweza kuitumia filamu kama hiyo darasani?"

Mwalimu, mjomba amepatia nusu, na nusu hiyo si ndogo. Wyatt Earp alizaliwa Monmouth, jimbo la Illinois, mwaka 1848, akafa Los Angeles mwaka 1929 akiwa na miaka 80. Mji wa Tombstone upo hadi leo kusini mashariki mwa Arizona. Doc Holliday, Ike Clanton, sherifu Johnny Behan na ndugu wawili wa ukoo wa McLaury wote wamo kwenye kumbukumbu za mahakama na magazeti ya wakati huo. Filamu haikuwazua watu hawa. Ilichokizua ni uzi unaowaunganisha, yaani nani alianza, kwa sababu gani, na mambo yaliishia wapi.

Nianze na tukio lenyewe, maana kila filamu inaliendea hilo. Jumatano, 26 Oktoba 1881, mnamo saa tisa alasiri, ndugu watatu Virgil, Wyatt na Morgan Earp pamoja na rafiki yao Doc Holliday walikwenda kuwanyang'anya silaha wanaume waliokuwa wamesimama kwenye kiwanja kitupu kando ya nyumba ya mpiga picha aliyeitwa Fly, barabara ya Fremont. Kiwanja hicho hakikufika hata mita sita kwa upana. Zizi la O.K., ambalo jina lake limebandikwa kwenye mapigano haya, halikuwa hapo. Mlango wake wa nyuma ulikuwa nyumba kadhaa mbele. Pande mbili zilisimama mita mbili tatu tu kutoka kila mmoja kwa mwenzake. Zilipigwa risasi zinazokadiriwa kuwa 30 ndani ya nusu dakika hivi. Billy Clanton, kijana wa miaka 19, na ndugu wawili Tom na Frank McLaury walikufa. Ike Clanton, ambaye ndiye aliyekuwa akipiga kelele za vitisho tangu asubuhi, alitoka mbio, na mwenzake Billy Claiborne naye akakimbia. Virgil alipigwa kwenye shavu la mguu, Morgan mabegani, Holliday akachubuliwa kiunoni. Wyatt hakuguswa. Pengine hapo ndipo usteringi wake ulipoanza.

Sasa nenda kwenye filamu ya 1957, Gunfight at the O.K. Corral, uone mapigano hayo hayo yakichukua dakika kadhaa, watu wakitambaa, wakijificha, wakizungukana, na eneo la kutosha kulima. Johnny Ringo, mmoja wa kundi la akina Clanton, anauawa humo, na mtu huyo hakuwepo kabisa siku ile. Alikutwa amekufa Julai 1882, miezi zaidi ya minane baadaye, amekaa chini ya mti na tundu la risasi kichwani, na uchunguzi wa kifo ukaandika kwamba alijiua. Katika filamu yenu ya 1993 Doc Holliday ndiye anayemmaliza Ringo, kwa pambano la wawili linalosisimua kwelikweli. Hakuna ushahidi wa pambano hilo. Wakati huo Holliday alikuwa Colorado, ambako tayari alikuwa amekamatwa mwezi Mei.

Makosa ya namna hii naweza kukuorodheshea hadi usiku. Mkuu wa polisi Fred White, anayeonyeshwa mzee wa ndevu nyeupe, alikuwa na miaka kama 31 alipopigwa risasi mwaka 1880, na kabla hajakata roho alisema mwenyewe kwamba bastola ilifyatuka kwa bahati mbaya. Virgil na Morgan wanashambuliwa usiku mmoja, ilhali kati ya kujeruhiwa kwa Virgil (28 Desemba 1881) na kuuawa kwa Morgan (18 Machi 1882) zilipita karibu miezi mitatu. Lakini kwa haki, Tombstone ina mengi iliyoyapatia kuliko zote zilizoitangulia. Mpangilio wa watu pale kiwanjani, mavazi, ukali wa kifua kikuu kilichokuwa kikimla Holliday, hata Morgan kuuawa akicheza biliadi, hayo yapo kwenye kumbukumbu. Mwandishi wa filamu hiyo alisoma.

Kwa hiyo mimi simpimi mtengeneza filamu kwa wingi wa makosa madogo. Mtu anaweza kupatia kofia, bastola na tarehe, na bado akakupa historia iliyopinda. Swali langu huwa moja: hadithi imeanzia wapi, na imekatwa wapi? Ukihamisha mwanzo, umebadilisha sababu. Ukiukata mwisho mapema, umefuta hukumu.

Mfano mzuri kuliko wote ni My Darling Clementine ya John Ford, ya mwaka 1946. Kama filamu, naipenda kuliko zote za jambo hili, na nasema hivyo bila aibu. Kama historia, imekufa siku ya kwanza. Ford anaanza kwa kumuua James Earp, mdogo wa mwisho, kijana mwema anayelinda ng'ombe wa familia; ukoo wa Clanton wamemwua na kuiba mifugo. Kuanzia hapo kila anachokifanya Wyatt kina uzito wa damu ya ndugu. Nani atamlaumu? Kumbe James halisi alikuwa mkubwa kuliko Virgil, Wyatt na Morgan, na aliishi hadi 1926. Baadaye mzee Clanton anampiga Virgil risasi ya mgongo akafa, wakati Virgil halisi alikufa mwaka 1905, na kabla ya hapo alichaguliwa mkuu wa polisi wa mji wa Colton, California, akiwa na mkono mmoja tu unaofanya kazi. Huyo mzee Clanton naye anakufa siku ya mapigano, ingawa kwa kweli alikuwa ameshauawa Agosti 1881, miezi miwili kabla, karibu na mpaka wa Mexico. Doc Holliday, ambaye filamu inamfanya daktari wa upasuaji, anafia hapohapo zizini. Alikuwa daktari wa meno, na alikufa kwa maradhi yake huko Glenwood Springs, Colorado, mwaka 1887. Hata milima ile mikubwa ya mawe inayosimama nyuma ya mji imetoka Monument Valley, upande wa pili wa Arizona, mamia ya kilomita kaskazini.

Na Ford alikuwa akisema kwamba Wyatt Earp mwenyewe alimsimulia jinsi mambo yalivyokuwa.

Turudi mwanzo halisi. Tombstone ulikuwa mji wa fedha, madini. Mtafiti mmoja aliyeitwa Ed Schieffelin aligundua miamba yenye fedha mwaka 1877, na miaka miwili mitatu baadaye palikuwa na maelfu ya watu, mabaa, magazeti mawili na wanasheria wa kutosha. Gazeti la Epitaph lilikuwa la chama cha Republican, mhariri wake John Clum ndiye pia meya, nalo liliwaunga mkono akina Earp. The Nugget lilikuwa la chama cha Democrat, likisimama na sherifu Behan na wafugaji wa mashambani. Ukisoma magazeti hayo mawili juu ya jambo moja utadhani yanazungumzia miji miwili. Msomaji wa siasa za kwetu hatapata shida kuelewa hapo.

Wilaya ya Cochise ilipoundwa mapema mwaka 1881, kiti cha sherifu kikawa kitamu mno, kwa sababu sherifu ndiye aliyekusanya kodi na kubaki na asilimia 10. Wyatt alikitaka. Behan akakipata kwa uteuzi wa gavana. Machi mwaka huohuo majambazi walilivamia gari la farasi la abiria lililobeba fedha, wakawaua dereva Bud Philpot na abiria mmoja. Wyatt akaona nafasi: akiwakamata wauaji, uchaguzi unaofuata ni wake. Akamwendea kwa siri Ike Clanton, ambaye alikuwa akifahamiana na washukiwa, akamwahidi kwamba zawadi ya kampuni ya Wells Fargo, dola 1,200 kwa kila kichwa, yote angeichukua Ike, ilimradi awavute watu hao mtegoni. Wyatt alitaka sifa tu. Washukiwa wakauawa kwengineko kabla mpango haujatimia, na Ike akabaki na siri ambayo ikivuja, marafiki zake wangemuua. Akaanza kushuku kwamba Wyatt amemwambia Holliday. Usiku wa 25 Oktoba Holliday na Ike walitukanana vibaya.

Halafu, Mwalimu, kikafuata kitu ambacho hakuna mtunzi wa filamu za kauboi angethubutu kukitunga: Ike Clanton, Tom McLaury, sherifu Behan na Virgil Earp walikaa meza moja wakacheza kamari ya karata hadi kunakucha. Maadui, sherifu na mkuu wa polisi, wote mezani. Asubuhi Ike, hajalala na pombe kichwani, akazunguka mji na bunduki akiwatafuta akina Earp. Virgil akamnyemelea, akampiga kichwani kwa bastola, akampeleka kwa hakimu, akatozwa faini ya dola 25 kwa kubeba silaha mjini. Maana Tombstone ilikuwa na sheria ndogo, Namba 9, iliyokataza kubeba silaha mjini. Mapigano maarufu kuliko yote ya Magharibi ya Marekani yalitokea polisi walipokwenda kutekeleza sheria ya kudhibiti silaha. Filamu huligusa jambo hili kwa haraka kisha likasahaulika, kwani linaiharibu picha ya nchi ambamo kila mwanaume alijilinda kwa mkono wake.

Angalia pia nani alikuwa mkubwa siku ile. Virgil ndiye aliyekuwa mkuu wa polisi wa mji na msaidizi wa marshali, yaani ofisa wa polisi wa serikali kuu. Wyatt alikuwa mtu wa kuitwa kusaidia. Kwenye filamu karibu zote Virgil yuko nyuma ya bega la mdogo wake.

Upande wa mwisho, filamu nyingi huishia pale moshi unapotulia. Historia haikuishia hapo. Ike Clanton alifungua mashtaka ya mauaji, na hakimu Wells Spicer akasikiliza ushahidi kwa takriban mwezi mzima. Behan aliapa kwamba akina Earp ndio walioanza kufyatua, na kwamba alimsikia Billy Clanton akisema hataki kupigana. Wyatt aliapa kwamba yeye na Billy walifyatua karibu wakati mmoja. Tom McLaury hakukutwa na bastola mwilini, na hadi leo wanahistoria wanabishana kama alikuwa na silaha. Tarehe 30 Novemba Spicer aliamua kwamba hakuna sababu ya kuwafikisha kwenye kesi kamili, lakini akamlaumu Virgil kwa kuwachukua Wyatt na Holliday, watu waliokuwa na ugomvi wao, kwenda kwenye kazi ya kipolisi. Hukumu ile ina pande mbili, na steringi hawezi kuishi ndani ya maneno ya namna hiyo. Ndiyo maana kwenye Tombstone kesi haikupewa nafasi.

Baada ya Morgan kuuawa, Wyatt aliacha kungoja mahakama. Tarehe 20 Machi 1882, Frank Stilwell, mmoja wa walioshukiwa kumuua Morgan, aliuawa kwenye reli za stesheni ya Tucson, mwili umejaa risasi. Kisha wakafuata washukiwa wengine, Florentino Cruz, kisha Curly Bill. Wyatt aliondoka Arizona akiwa na hati ya kukamatwa kwa mauaji. Filamu ya 1993 inayaonyesha mauaji haya, tena kwa muziki wa ushindi.

Sasa, uongo huu ulianzia wapi? Watu wengi hulaumu Hollywood. Mimi naona Hollywood ilipokea mzigo ambao tayari ulikuwa umefungwa. Miaka yake ya mwisho Wyatt aliishi Los Angeles, akizoeana na waigizaji wa picha za kauboi zisizo na sauti, William S. Hart na Tom Mix, ambao walikuja kulibeba jeneza lake. Alitamani Hart aigize maisha yake. Alikuwa na sababu ya kutaka kusafishwa, kwani mwaka 1896 alikuwa refa wa pambano la ndondi la Fitzsimmons na Sharkey huko San Francisco, akampa ushindi Sharkey kwa madai ya rafu, na mji mzima ukasema pambano lilinunuliwa. Kabla ya hapo, mwaka 1871, aliwahi kushtakiwa kwa wizi wa farasi, na mwaka 1872 alikamatwa kwenye madanguro ya Peoria, Illinois. Mwaka 1911 polisi wa Los Angeles walimkamata kwenye mchezo wa karata wa kitapeli. Hayo huyaoni.

Mwaka 1931, miaka miwili baada ya kifo chake, Stuart Lake alitoa kitabu cha maisha ya Wyatt kilichojaa maneno marefu eti ya Wyatt mwenyewe, ingawa baadaye Lake alikiri kwamba maneno mengi alimtungia, kwa kuwa mzee hakuwa msemaji. Bastola ya mtutu mrefu ajabu, ambayo watoto wa Marekani waliinunua kama toi wakati wa mfululizo wa televisheni wa 1955 hadi 1961, imetoka humo, na hakuna ushahidi kwamba Wyatt aliwahi kuwa nayo. Nyuma ya kitabu alisimama mjane, Josephine, aliyepigana kufa na kupona ili baadhi ya mambo yasiandikwe. Filamu ya kwanza iliyotokana na kitabu hicho, ya 1934, ililazimika kumwita shujaa wake Michael Wyatt kwa sababu ya malalamiko yake. Alilolificha zaidi ni kwamba alipokutana na Wyatt, yeye alikuwa mwenzi wa sherifu Behan, na Wyatt alikuwa akiishi na Mattie Blaylock kama mke na mume. Mattie aliachwa. Alikufa mwaka 1888 katika mji wa Pinal, Arizona, kwa kunywa dawa ya kasumba kupita kiasi. Filamu ya 1993 inamwonyesha Mattie, lakini kama kikwazo cha mapenzi, na msimulizi anamalizana naye kwa sentensi moja kwamba alikufa muda mfupi baada ya kuondoka Tombstone. Ilipita miaka sita. Ukiifupisha hiyo miaka, kifo chake kinaonekana ni matokeo ya udhaifu wake, na Wyatt anacheza dansi kwenye theluji na Josephine bila deni.

Kwa hiyo anayebaki kwenye filamu ni yule aliyeacha nyuma yake mtu wa kumsimulia. Linganisha na Bass Reeves. Alizaliwa mtumwa huko Arkansas mwaka 1838, na kuanzia 1875 akawa msaidizi wa marshali chini ya jaji Isaac Parker wa Fort Smith, akifanya kazi katika maeneo ya Wahindi Wekundu yaliyo Oklahoma ya leo. Alitumikia zaidi ya miaka 30, na hesabu ya watu aliowakamata hutajwa kuwa zaidi ya 3,000. Alimkamata hadi mwanawe mwenyewe, aliyekuwa amemuua mkewe. Kama ni maisha ya filamu, hayo. Lakini Reeves hakujua kusoma wala kuandika, alikuwa mtu mweusi, na alikufa mwaka 1910 bila mwandishi pembeni. Mfululizo mkubwa wa televisheni juu yake ulikuja mwaka 2023. Na tayari naona kazi ileile ya kupamba imeanza: utasikia kila mahali kwamba yeye ndiye chanzo cha Lone Ranger, yule shujaa wa kubuni wa kauboi anayevaa barakoa, jambo ambalo halijathibitishwa na hati yoyote. Hatujamaliza kumtoa kwenye usahaulifu, tumeshamvisha barakoa.

Kuhusu darasa, Mwalimu, ndiyo, tumia, ila usiwaonyeshe filamu nzima. Ni ndefu na ina damu nyingi kwa kidato cha tatu. Chukua tukio moja, mapigano, kutoka filamu mbili, ya 1946 na ya 1993. Wape wanafunzi saa wapime muda. Kisha wasomee ushahidi wa Behan na wa Wyatt mbele ya Spicer, ambao unapatikana na unatafsirika kwa urahisi, na uwaulize ni filamu ipi imemsikiliza nani. Usiwaambie kwanza nani alisema kweli. Wakikuuliza nani alifyatua wa kwanza, waambie mahakama yenyewe ilisikia pande zote mbili na ushahidi ukagongana.

Na kama mjomba bado anabisha, muwekee Hour of the Gun ya mwaka 1967. Imetengenezwa na John Sturges, yuleyule wa filamu ya 1957, kana kwamba alitaka kujisahihisha. Inaanza na mapigano badala ya kuishia nayo, kisha inaingia mahakamani, na Wyatt wake ni mtu anayeoza taratibu kwa kisasi. Mwanzoni kabisa yanatokea maandishi kwenye skrini yanayotangaza kwamba picha hii imejengwa juu ya ukweli na kwamba hivi ndivyo mambo yalivyotokea. Mwache mjomba ayasome kwa sauti. Halafu mngojee mwishoni, Wyatt anapomuua Ike Clanton huko Mexico, umwambie kwamba Ike aliuawa na mpelelezi mmoja Arizona mwaka 1887, akikimbia kukamatwa kwa wizi wa ng'ombe, na Wyatt hakuwepo.